Bunduki ya Michezo na Shati la Baba

Kefule! Naanza hivyo kwa sababu sina mwanzo mwingine. Kila nikikumbuka moshi wa vile vitako, mate yananijaa mdomoni na natafuta pa kutemea.

Kambi yetu ya kuwindia iko msituni, kaskazini mwa Wisconsin, na jiko lake la chuma lilikuwa likila kuni za mwaloni tangu enzi za babu. Miaka ya karibuni likawa linakula vitako vya bunduki. Ndugu yangu Duane ndiye aliyekuwa akivileta, magunia kwa magunia, kutoka kwenye bohari ambako yeye ni mnyapara. Mbao za Ulaya, zimepigwa randa vizuri, zimepakwa vanishi, na kila kitako kina tundu la kupitishia kidole gumba. Vanishi ile ikishika moto inanuka kama nywele zilizoungua. Unakula soseji zenye harufu hiyo, unalala nayo, na ukirudi mjini mbwa wako mwenyewe anakunusa mara mbili kabla ya kukukubali.

Ukiuliza vitako hivyo vimetoka wapi, utapewa kichekesho cha kukutapisha. Sheria yetu inasema bunduki ya ng'ambo haiingii nchini mpaka iwe ya michezo, yaani ya kuwindia au ya kulengea shabaha. Basi kiwanda fulani huko Ulaya Mashariki kinaichukua bunduki iliyobuniwa kwa ajili ya askari, kinaipunguza kidogo ili itoe risasi moja kwa kila mvuto wa kidole huku ikijikoki yenyewe, kisha kinaivalisha kitako cha mbao chenye tundu. Inashuka bandarini na sura ya mchungaji siku ya Jumapili. Watu wa forodha wanaitazama, wanasema naam, huyu mcha Mungu, apite. Ikifika bohari ya akina Duane wanaivua lile joho, wanaifungia vipande vilivyotengenezwa hapahapa Marekani kama sheria inavyotaka, na kabla ya kahawa ya saa nne mchungaji amegeuka jambazi. Na hakuna aliyevunja sheria! Hapo ndipo ninapochefukwa. Mwizi namwelewa, anajua kwamba ameiba. Hawa wanaiba na kupewa risiti.

"Michezo gani hiyo, Duane?" nilimuuliza siku moja, nikiwa nimeshika kitako kimoja mbele ya jiko.

"Mchezo wa kuvua nguo, dada," akanijibu, akacheka mpaka akakohoa. "Tia motoni huko, kunaingia baridi."

Mimi ni Marlys Skaar, nina bucha. Msimu wa kulungu ukifunguliwa mwezi wa kumi na moja, wilaya nzima inaniletea mizoga yake, nami nachuna, nakata, nasaga soseji. Kwa hiyo asije mtu akanieleza kuwinda ni nini. Nimewaona kulungu ndani kuliko nje. Najua aliyepigwa na mtu aliyetulia na aliyepigwa na mtu mwenye papara, maana wa pili ninamsafisha kwa ndoo nzima ya maji na bado nyama inanuka mavi.

Kwa kulungu wa baba yangu, Orval Skaar, nilikuwa sihitaji maji. Kitundu kimoja nyuma ya bega, basi.

Kambini kuna ukuta. Kwetu ukimlenga kulungu ukamkosa, wenzako wanakukamata, wanakata pindo la nyuma la shati lako kwa mkasi, wanaandika jina lako na mwaka, wanalipigilia ukutani kwa misumari. Huna pa kukimbilia. Duane ana mapindo matano pale. Mimi ninayo mawili, na la pili lilikuwa la shati nililolipenda hasa. Hata mchungaji wetu analo lake, la flana nyekundu, na wakati wa kulikata alisema maneno ambayo hayamo katika Biblia. Ukuta mzima ulijaa, jina la baba halikuwapo. Vijana walikuwa wakija kutoka kambi nyingine kulitafuta, na wanaondoka wakitikisa kichwa.

Siri yake haikuwa siri. Mzee alikuwa akienda msituni na risasi moja tu, ndani ya mfuko wa shati, juu ya moyo. "Mwenye mbili ameshajiruhusu kukosa moja," ndivyo alivyotufundisha. Bunduki yake ni ile ya zamani, ya kukoki kwa mkono. Akishapiga, anavuta komeo, ganda linaruka, analirudisha komeo mahali pake, bunduki sasa tupu, anaelekeza mtutu chini na kukivuta kifyatulio mara moja ili springi ilale. Tik. Ile tik ndiyo iliyokuwa ikituambia sisi watoto kwamba kazi imekwisha, sasa tunaruhusiwa kusema.

Lakini uzee ukambishia hodi kichwani. Akaanza kuniita kwa jina la marehemu mama. Msimu mmoja akina Pulkkinen wa kambi ya jirani walimkuta barabarani, hana kofia kwenye theluji, anamuuliza kila mwenye gari kama amemwona mke wake. Nililia, kisha nikachomoa komeo la bunduki yake na kulificha kwenye friza ya bucha, chini ya maini. Tangu hapo kila asubuhi alikuwa ananiuliza, "Marlys, umeona komeo langu?" nami nasema, "Liko kwa fundi, Baba." Alikuwa hajawinda kwa misimu miwili.

Basi jioni ya kuamkia ufunguzi, Duane akaingia kambini na mgeni. Mwanamume wa makamo, meno meupe kama sahani, koti la rangi ya chungwa ambalo bado lina mikunjo ya dukani. Mkono mmoja amebeba chupa ya brandi, mkono mwingine sanduku refu la plastiki.

"Huyu ni Brent Tolliver, bosi wangu," Duane akasema bila kunitazama machoni. Ndugu yako asipokutazama machoni, shika mkoba wako.

Brent akampa baba mkono kwa heshima zote. "Mzee Orval! Kule kwetu ukitajwa, watu wanavua kofia."

"Kwa nini, kuna joto?" baba akauliza. Sote tukacheka, hata mimi, na hapo ndipo tulipomfungulia shetani mlango.

Brent aliieleza shida yake wakati wa kula. Kampuni ilikuwa imeagiza bunduki za aina mpya. Kontena zilikuwa zimekwama bandarini, na wakaguzi wa serikali walikuwa wakisema hawaoni mchezo wowote katika bunduki hizo. Walitaka kusikia kama kuna wawindaji wa kweli wanaozitumia. Kwa hiyo yeye alihitaji filamu fupi na picha. Mwindaji mwenye jina, msitu, theluji, kulungu mmoja.

"Na jina la nani lina bei kuliko la mzee wa risasi moja?" akamaliza.

"Halina bei," nikasema. "Chema chajiuza, bwana. Kibaya chajitembeza. Bunduki yako ikiwa ya kuwindia kweli, mbona imevuka bahari yote ile na hakuna aliyewinda nayo?"

"Ala, dada!" Duane akaingilia. "Kontena zikirudishwa ng'ambo, bohari inafungwa. Unajua Cheryl anatibiwa kwa bima ya nani."

Nilijua. Cheryl ni mkewe, na figo zake zimekwisha. Lakini si kwamba nilikubali. "Ukuta ule ndio kitu pekee alichobaki nacho, Duane. Jina la mama linampotea, jina langu linampotea. Anachokijua bado ni kwamba yeye ni Orval Skaar ambaye hajakatwa shati. Ukimvuruga huko, atabaki na nini?"

"Hakuna atakayemvuruga. Atakaa, atapiga, atashuka."

Tulikuwa tunabishana juu ya kichwa chake kana kwamba ni kabati. Mara nikasikia sauti ya baba, ndogo, safi. "Mtanipeleka msituni?"

Nikageuka. Alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, macho yanang'aa kama ya mtoto aliyesikia habari za sikukuu. Misimu miwili nilimnyima jambo hilo. Ningefanyaje? Nimwambie tena liko kwa fundi?

"Risasi moja," nikamwambia Brent, kidole changu kikiwa karibu na pua yake. "Moja! Kama alivyozoea."

"Moja, mama. Naapa."

Asubuhi, bado kiza, Brent alifungua lile sanduku mezani. Kitu cheusi, na kile kitako chenye tundu kimebandikwa nyuma kama tai shingoni mwa nguruwe. Risasi yake ilikuwa saizi ileile ya bunduki ya baba. Mzee akatoa yake mfukoni, akaipangusa kwa kidole gumba, akamkabidhi kama anavyotoa sadaka kanisani. Brent akageuka kuelekea kwenye mwanga, akaipachika kwenye magazini, akaisukuma ndani. Niliona mgongo wake tu.

Tukapanda kwenye kichanja tulichojenga juu ya mwaloni mkubwa, baba katikati, mimi kulia kwake, Brent nyuma yetu na kamera. Duane alibaki chini kambini akiwasha moto. Kukapambazuka. Ajabu ya mzee ni kwamba msituni hakusahau chochote. Alivuta pumzi polepole, akanigusa goti kunionyesha jike la kulungu likitoka kwenye misonobari, na akaninong'oneza, "Ngoja ageuke, Marlys." Marlys! Aliniita kwa jina langu. Nilisahau chuki yangu yote. Nikamshukuru hata Brent, Mungu anisamehe.

Jike likageuka. Baba akapiga. Likaanguka palepale kwenye bonde dogo mbele yetu, halikurusha hata mguu. Kitundu kimoja nyuma ya bega, nilikijua hata kabla ya kukiona.

Kisha mkono wake ukaenda kutafuta komeo. Komeo hakuna. Vidole vikapapasa ubavu wa ile bunduki kama mtu anayetafuta swichi ya taa katika nyumba ya wageni. Vikakosa. Yeye alijua ametia risasi moja, na imekwisha. Kwa hiyo akafanya alichokifanya maisha yake yote. Akaelekeza mtutu chini, bondeni, akavuta kifyatulio ili springi ilale.

Haikulia tik. Ililipuka. Mzee akashtuka, vidole vikajikunja, ikalipuka tena.

Nyuma ya jike alikuwa ametoka mtoto wake, wa mwaka ule, amekuja kumnusa mama yake. Risasi ya kwanza ilimng'oa taya la chini. Ya pili ikamvunja mguu wa nyuma. Nikanyakua ile bunduki mikononi mwa baba, na kulungu yule akaondoka, anaruka kwa miguu mitatu, taya linaning'inia kwa ngozi, na ulimi unafagia theluji.

"Umeona?" Brent alikuwa anapiga kelele nyuma yangu. "Umeona ilivyorudia bila kuyumba? Wawili! Mzee, wawili!"

"Ulitia ngapi?" nikamuuliza.

"Mama, magazini yenye risasi moja ni ya kazi gani? Nilitaka ionyeshe inachoweza."

Nilimtemea mate. Sijui kama yalimfika, ila nilitema kwa nguvu zangu zote. Kisha nikashuka na kufuata damu. Nilimkuta yule mtoto amelala kando ya mkondo ulioganda, ananitazama, anajaribu kulia na hana cha kulilia. Nikammaliza kwa kisu. Nimechinja tangu nikiwa msichana, sijawahi kutapika. Siku hiyo nilipiga magoti kwenye theluji na kutapika mpaka nyongo.

Niliporudi kwenye kichanja baba alikuwa bado amekaa vilevile, mikono imeshika hewa. "Ilikuwa tupu," akaniambia. "Nilitia moja. Si nilitia moja?"

"Ulitia moja, Baba."

"Basi nani aliyepiga?"

Nikamshika mkono, tukaanza kushuka.

Adhuhuri kambi ilijaa. Akina Pulkkinen walikuja kama desturi, kula supu na kusikia nani amepata nini. Brent aliwamiminia brandi, akawasimulia, anachekacheka, ameruka vitu vyote vya kurukwa. Filamu angeikata vizuri, alisema. Mtoto yule asingeonekana. Harufu ya vanishi ilikuwa imejaa mle ndani mpaka machozi yakatutoka, na Duane bado anatia vitako jikoni kana kwamba analipwa kwa kila kimoja.

"Kwa afya ya mzee wa risasi moja!" Brent akainua glasi.

Baba akasimama. Nilidhani anataka kwenda chooni. Akavuta shati lake kutoka ndani ya suruali, pindo la nyuma likaning'inia, akauliza, "Mkasi uko wapi?"

Glasi ya Brent ikabaki hewani.

"Baba, kaa," Duane akasema. "Kulungu wako umemwangusha. Risasi safi kabisa. Hujakosa."

"Nimekosa."

"Umekosa nini, Baba?"

"Nimevuta kabla ya kutazama nyuma yake." Alisema polepole, kila neno mahali pake, kama zamani. "Ningefanya hivyo nikiwa mtoto, baba yangu angenizaba kofi na kunirudisha nyumbani. Kile usichokiona ukakipiga, hicho umekikosa. Duane, nilikufundisha au sikukufundisha?"

"Ulinifundisha," Duane akasema. Machozi yalikuwa yanamshuka, na mara hii hayakuwa ya moshi.

"Basi leteni mkasi."

Hakuna aliyeinuka. Mzee Pulkkinen alikuwa anatazama buti zake. Nikaona baba bado amelishika pindo lake, anasubiri, na sheria ni sheria, hata kama imemwangukia mtu asiyestahili. Nikauchukua mkasi msumarini. Nilimwambia ni bunduki ile, si yeye, na mtu aliyeijaza ndiye wa kukatwa. Akanisikiliza kwa adabu. "Kidole kilikuwa cha nani, Marlys?" akaniuliza. Nikakata. Lilikuwa shati la sufu la kijani, alilonunuliwa na mama, na kitambaa kilikuwa kizito, nilikata kwa shida.

Nilipokuwa napigilia misumari, nikasikia sauti ya Brent, laini kabisa. "Mzee, chomekea shati kidogo hapo nyuma, tupige moja ya mwisho pamoja na bunduki."

Na baba, maskini, aliyezoea kumtii mgeni, akaanza kuchomekea kile kilichobaki.

Duane ndiye aliyefungua mlango. Alilichukua sanduku refu, akalitupa kwenye theluji, akamwambia, "Toka, Brent. Toka kabla sijasahau mke wangu ni mgonjwa." Brent akatoka. Alikuwa na alichokitaka ndani ya kamera, asingengoja kupigwa.

Jumatatu Duane alirudi kazini kama kawaida, na bosi akampokea kama kawaida. Figo za Cheryl hazijui heshima. Sikumlaumu. Nilimchukia kidogo tu, kama unavyomchukia ndugu.

Theluji ilipoyeyuka, kontena zikaachiliwa. Kama ni ile filamu au ni wakili mwenye suti nzuri, sijui, na hakuna aliyeniambia. Siku moja Duane akaja buchani na boksi tupu, akaliweka juu ya kaunta bila salamu. Upande mmoja wa boksi yuko baba juu ya kichanja, alfajiri ile, uso umejaa furaha, na ile takataka mikononi. Chini yake wameandika: Kwa mwindaji wa kweli. Lile joho la mbao watalivua huko bohari, jambazi atauzwa ndani ya sura ya baba yangu. Cha kuvunda hakina ubani, lakini hawa walikuwa wamepata wa kutosha kwa mwaka mzima.

"Nilidhani ni bora ulione kwangu," Duane akasema.

Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake dirishani. Wakati huo alikuwa hamjui tena Duane, na mimi alikuwa ameshanirudisha kwenye jina la mama. Lakini kila mteja aliyeingia alikuwa akimwambia jambo moja, na hakuwahi kulikosea: "Mimi nimekatwa shati. Nilivuta kabla ya kutazama." Kati ya yote aliyoyafanya duniani, hilo ndilo lililobaki.

Akanyoosha mkono, nikampa boksi. Akaitazama ile picha kwa muda mrefu.

"Mzee huyu ni nani?" akauliza.

Duane akafungua kinywa, nami nikamkanyaga mguu chini ya kaunta. "Hatumjui, Baba."

"Anaonekana ana furaha," akasema. Akaipapasa picha kwa kidole, penye ubavu wa bunduki, pale ambapo komeo lingekuwa. Uso ukamkunjamana. "Mwambieni atazame kwanza nyuma ya kulungu. Kuna mtoto."

Tulimwambia tutamwambia. Akanirudishia boksi, akageukia dirisha, na mimi nikarudi kukata nyama.